Weupe Usiochorwa: Mandhari ya Baridi ya Sesshū, Vidaka vya Al-Inkishafi na Ukimya wa Ng'ambo ya Mombasa

Makala haya yanahusu picha moja ndogo ya wino iliyochorwa nchini Japani katika karne ya 15, na yanauliza swali ambalo huenda likaonekana geni katika jarida la uhakiki wa fasihi ya Kiswahili: je, msomaji aliyelelewa katika mwambao huu, ambako theluji haijapata kuanguka, ana nyenzo gani za kuitazama picha hiyo na kuionja ladha yake? Swali hili halikuzukia maktabani. Lilizukia Changamwe, katika yadi mojawapo ya magari yaliyokwisha kutumika ambayo huteremshwa Kilindini kutoka Japani. Ofisi za yadi hizo aghalabu huwa na kalenda kubwa ya ukutani iliyoletwa na wauzaji wa huko. Nilikuwa nimemsindikiza jamaa yangu aliyekuwa na shughuli zake, nami nikabaki nikiitazama karatasi ya mwezi wa Januari: milima, mtu mmoja, na weupe mwingi. Mwaka ulipokwisha niliiomba kalenda hiyo nikapewa, nikaipeleka darasani tulipokuwa tukisoma ushairi wa karne ya 19. Mwanafunzi mmoja mwenyeji wa Mtongwe aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, picha hii haijamalizwa."

Wenziwe walicheka. Mimi naona hadi leo kwamba ile ndiyo iliyokuwa kauli ya maana kuliko zote zilizotolewa siku ile, na sehemu kubwa ya yatakayofuata ni jaribio la kuijibu.

Picha yenyewe ni kazi ya Sesshū Tōyō (1420–1506), mtawa wa Kibudha wa madhehebu ya Zen. Ni moja kati ya picha mbili zilizo pamoja, moja ya majira ya mapukutiko na ya pili ya majira ya baridi, ambazo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo na zimetambuliwa na serikali ya Japani kuwa hazina ya taifa. Anayeijua kwa nakala za vitabuni hushangazwa na udogo wake. Urefu wake haufiki nusu mita, na upana wake ni kama sentimita 30. Ni karatasi na wino mweusi, basi, rangi hamna.

Na tuanze kuitazama kutoka chini, kwani ndiko msanii anakotuingizia. Kuna mawe yaliyochorwa kwa mikwaju mizito ya kalamu ya nywele, kuna njia inayopanda, na katika njia hiyo yumo mtu mmoja aliyevaa kofia, mdogo kama punje ya mchele. Mbele yake, mbali kidogo, mapaa ya nyumba yamejikunyata baina ya miamba. Jicho linamfuata mtu huyo kwa sababu ndiye kiumbe pekee anayekwenda, na kwa kumfuata linajikuta limekwisha kupanda. Hapo ndipo linapokutana na jambo la ajabu. Katikati ya picha, juu, msitari mmoja mnene unainuka wima, ukivunjika-vunjika kama ufa wa ukuta. Ni ukingo wa jabali. Unapanda, unapanda, halafu unakatika ghafla ndani ya utupu, kana kwamba aliyekuwa akiuchora ameitwa na mtu akaiweka kalamu chini. Kando yake imesimama milima ya mbali iliyofunikwa na theluji, myeupe kabisa.

Milima hiyo haikuchorwa. Alichokifanya Sesshū ni kuizimua wino kwa maji mengi, akaipaka mbingu kijivu chepesi, na mahali pa milima akapaacha karatasi tupu. Theluji ndicho kitu cha kwanza tunachokiona katika picha hii na ndicho kitu ambacho mkono wa msanii haukukigusa. Ukimwambia mtazamaji kwamba pale pana karatasi tu, hatakuamini mpaka asogee karibu.

Yafaa tukumbuke namna wino wenyewe unavyofanya kazi. Wino wa Kijapani, kama ule wa China uliokuwa asili yake, hutengenezwa kwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya wanyama na kukaushwa kuwa kijiti kigumu. Mchoraji hukisugua kijiti hicho juu ya jiwe lenye maji, na wingi wa maji ndio unaoamua kama mkwaju utakuwa mweusi tititi au utakuwa kama moshi unaopotea. Kosa halifutiki. Kwa hiyo fani yote imo katika kupima: kiasi gani cha wino, kiasi gani cha maji, na zaidi ya yote, wapi pasiguswe. Sisi wa pwani si wageni wa maarifa haya. Wino wa masizi na gundi ndio uliotumika katika sehemu kubwa ya ulimwengu wa Kiislamu ambamo waandishi wetu wa hati walilelewa; na katika kombe, ambapo aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani na kisha kuyeyushwa kwa marashi ili mgonjwa anywe, tunayo hata sanaa ya maandishi ambayo ukamilifu wake ni kufutika. Aliyekwisha kuona kombe likiandikwa hawezi kushangazwa mno na mtawa anayezimua wino hadi ukakaribia kutoweka.

Basi kuna makosa mawili yanayomnyemelea mtazamaji. La kwanza ni lile la mwanafunzi wangu, kudhani kwamba pasipochorwa ni pale msanii alipochoka. La pili ni kosa la kalenda. Kalenda huwekwa picha kama hii ili imtulize mtu mwenye shughuli nyingi: angalia theluji, angalia kimya, pumua. Kosa hili la pili naliona baya zaidi, kwa kuwa linafanana na sifa. Linaugeuza ukimya wa picha kuwa mto wa kulalia, na kuuondoa katika historia.

Kwani ukimya huu una tarehe. Sesshū alilelewa kitawa na kufunzwa katika monasteri ya Shōkoku-ji mjini Kyoto, ambako mwalimu wa uchoraji alikuwa Shūbun, bingwa wa mandhari za wino zilizofuata mtindo wa mabwana wa China wa enzi ya Song. Baadaye alihamia Yamaguchi, magharibi mwa nchi, chini ya ulezi wa ukoo wa Ōuchi uliokuwa na biashara kubwa ya ng'ambo. Mwaka 1467 alisafiri na ujumbe wa kibiashara kwenda China ya enzi ya Ming, akakaa huko hadi mwaka 1469. Mwaka uleule wa 1467 ndio vilipofumka vita vya Ōnin kati ya makabaila wa Japani, vita vilivyodumu hadi 1477 na kuiteketeza sehemu kubwa ya Kyoto. Shōkoku-ji yenyewe iliungua katika mapigano ya mwaka ule wa kwanza. Aliporudi kwao, mtawa huyu alikuta mji wa ujana wake umegeuka majivu, naye hakuufanya tena kuwa makao. Akaishi katika mikoa ya magharibi, akitembea na kuchora. Picha ya majira ya baridi wataalamu wengi huiweka katika miaka hiyo iliyofuata safari ya China.

Sisemi kwamba jabali lile lililovunjika ni Kyoto. Uhakiki wa namna hiyo, unaotafuta tukio nyuma ya kila alama, tumeuona katika fasihi yetu wenyewe na madhara yake tunayajua. Ninachosema ni chepesi zaidi: mtu aliyeujua moto wa kiasi kile hawezi kuwa ameuchukulia ukimya kuwa ni kitu cha bure. Tazama tena. Mtu yule mwenye kofia yuko nje peke yake katika baridi, na jua, kama lipo, halionekani. Mapaa yako mbele yake lakini hajafika. Miti haina majani. Picha haisemi kwamba mambo ni shwari. Inasema kwamba kuna mtu ambaye bado anatembea.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo, kwa kuwa njia inatuleta nyumbani. Mwaka 1468 Sesshū alifika Beijing, na yasemekana alichora ukuta katika jumba moja la serikali huko. Ulikuwa ndio mji uleule ambao, miaka 53 kabla yake, yaani 1415, ulimpokea twiga aliyetoka Malindi kama zawadi kwa mfalme wa Ming. Misafara ya jemadari Zheng He, iliyofika pwani hii baadaye kidogo, ilikwisha kusitishwa Sesshū alipofika China, ila vyombo vya China viliendelea kufika kwetu kwa mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Ukiyatembelea makumbusho ya Ngome ya Yesu utaviona: mabakuli na sahani za kaure nyeupe zenye michoro ya buluu, maua, ndege, miti, na katika baadhi yake milima na maji vilivyochorwa kwa kalamu ya nywele inayotokana na mapokeo yaleyale aliyokwenda kuyasoma Sesshū. Mababu zetu walivijengea vyombo hivi mahali pa heshima. Wakavipachika katika kuta za makaburi na misikiti, na ndani ya nyumba wakatoboa safu kwa safu za vidaka ili viwekwe humo vionekane. Kwa hiyo si kweli kwamba uchoraji wa milima na maji wa Asia ya Mashariki ulitufikia mara ya kwanza kwa kalenda ya yadi ya magari. Ulikuwa umekwisha kukaa sebuleni mwetu. Tatizo ni kwamba ulitoka.

Nao ushahidi mkubwa wa kutoka kwake ni shairi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, ilikuja kuchapishwa na William Hichens mwaka 1939, na ikatolewa tena na James de Vere Allen mwaka 1977. Pate ilikuwa imekwisha kuporomoka. Vita vya Shela vya karibu na mwaka 1813, ambapo Pate na Mazrui wa Mombasa walishindwa na Lamu, vilikuwa pigo la mwisho kwa dola ambayo ilikwisha kuliwa na ugomvi wa ndani. Mshairi anazikumbuka nyumba zilizong'aa kwa taa na kaure, kisha anatuingiza ndani yake baada ya wenyewe kuondoka. Vile vidaka vilivyobeba vyombo vya China sasa ni viota vya ndege. Juu wananing'inia popo. Katika kumbi zilizojaa sauti za watu panasikika wadudu.

Katika vyuo vyetu shairi hili hufundishwa kama waadhi: dunia ni hadaa, nafsi na ijirekebishe. Hilo ni kweli, na mtunzi mwenyewe asingelikana. Lakini kwa miaka mingi tumejibu mitihani yetu ya "fani na maudhui" kana kwamba fani ni kikapu na maudhui ni embe, na kwa hivyo hatujauliza vya kutosha jinsi ukimya wa nyumba zile ulivyojengwa. Sesshū anatusaidia kuuliza. Mshairi hakuandika kwamba pana kimya. Neno hilo lingekuwa rahisi na lisingesikika. Alichofanya ni kuacha sauti ndogo moja isikike, ile ya nyenje, na kwa udogo wa sauti hiyo tunaupima ukubwa wa ukumbi mtupu. Nyenje yule ndiye mtu mwenye kofia. Bila yeye, picha ya Sesshū ingekuwa karatasi yenye mawe tu. Hatungejua kama jabali lina urefu wa mtu au wa mlima. Bila nyenje, Pate ingekuwa habari tu kwamba mji umekufa.

Na kidaka kitupu ni nini, kama si weupe usiochorwa? Kina kingo zake nne, kina kina chake, kina kivuli. Kila kitu kinachokizunguka kimefanyiwa kazi na fundi. Ndani hamna kitu. Lakini anayejua kidaka ni cha nini hawezi kukitazama asikione chombo kisichokuwamo. Mshairi aliwategemea wasomaji wanaojua. Hapa naona mshabaha wa kweli kati ya sanaa hizi mbili, ambao hautokani na upepo wa pamoja wa "hekima ya Mashariki", maneno ambayo hayana maana yoyote. Unatokana na mbinu. Msanii anachora kingo kwa uangalifu mkubwa, na lililo muhimu analiacha tujaze sisi.

Hata hivyo mshabaha una mipaka, na mhakiki anayeificha mipaka hiyo anafanya biashara. Theluji huyeyuka. Weupe wa Sesshū ni wa majira: picha yenyewe ina mwenzake wa mapukutiko, na Mjapani anayeitazama anajua kwamba baada ya baridi yaja machipuko. Utupu wa vidaka hauna majira yanayoufuata hapa duniani. Tena, yule mtu wa Sesshū anakwenda mahali. Katika Al-Inkishafi anayetembezwa ni moyo wa mshairi mwenyewe, ambao anauhutubia tangu mwanzo, na kinachomtia uchungu ni kwamba moyo huo haujongei. Unaoneshwa kila kitu, na umesimama palepale. Hiyo ni tofauti kubwa ya maono, na hapana sababu ya kuiponya.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wa Mtongwe, kwa kuwa yeye hakuwa akizungumzia Pate. Nilipomwuliza kwa nini anadhani haijamalizwa, alisema kwamba huko kwao pia huonekana hivyo Julai, na haijawahi kumpitikia kwamba hiyo ni picha. Alikuwa na haki. Sisi hatuna theluji ila tuna kipupwe. Kusi inapokuwa imeshika, kuanzia Juni hadi Agosti, bahari huwa na ukali, wavuvi wengi hawatoki, asubuhi watu hujifunika shuka, na mvua hupita kwa vipande vipande juu ya Kilindini. Ukisimama upande wa Likoni mvua hiyo inapovuka, kisiwa hufutika. Kwanza hupotea majengo ya nyuma, kisha winchi za bandari, kisha feri yenyewe hubaki kivuli kimoja cha kijivu chenye watu juu yake. Baada ya dakika chache kila kitu hurudi. Sijui mchoraji wa Mombasa aliyeichukua mandhari ile kwa dhati. Katika fasihi yetu pia ni nadra. Washairi wetu huijua kusi kama majira ya safari na ya bei ya samaki, mara chache kama kitu cha kutazamwa.

Huenda sababu ni kwamba mandhari hiyo huonekana vizuri kutoka ng'ambo, na ng'ambo si mahali ambapo historia ya fasihi ya Mombasa imezoea kusimama. Hili nalisema kama mtu wa Kisauni, kwa hiyo msomaji na anipunguzie. Chukua Muyaka bin Haji (1776–1840), ambaye kila mwanafunzi anamjua kama mshairi wa Mvita na wa kisiwa. Tungo zake zilikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, zikamfikia William Taylor, mmishonari wa shirika la CMS, na mwishowe Hichens akazichapisha mwaka 1940. CMS kwa wakati huo ilikuwa na kituo kikubwa ng'ambo, Kisauni, pale Frere Town palipoanzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watu waliookolewa utumwani. Yaani diwani yetu kuu ya kisiwa ilipita katika mikono ya watu ambao shughuli zao zilikuwa pia upande wa pili wa maji, katikati ya kijiji cha wazungumzaji wa lugha nyingi waliokuwa wakijifunza Kiswahili kwa lazima. Wao waliimba nini? Walitunga nini? Karatasi ni nyeupe.

Au chukua majina. Kati ya Thenashara Taifa za Mombasa, Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na wa mwisho wamebeba jina la ng'ambo hadi ndani ya kisiwa. Kongowea, jina la kale kabisa ambalo washairi wetu hulitumia kwa fahari kuitaja Mombasa, leo ni jina la mtaa na soko la ng'ambo, ambako wanunuzi wa vitunguu hawana habari na Mwana Mkisi. Na Julai 1844, katika kipupwe hichohicho, Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa bara, ng'ambo ya mji. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nimelipitia kaburi lile mara nyingi. Ni mahali pa kimya, na kimya chake kimeandikwa vizuri kwa kuwa Krapf alikuwa mwandishi. Makaburi mengine ya ng'ambo yanayo kimya kilekile bila mwandishi.

Hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu, maana somo tulilolipata kwa Sesshū linaweza kutupotosha. Kuna weupe ulioachwa na msanii kwa makusudi, na kuna weupe wa karatasi ambayo hakuna aliyefika kuiandika. Kwa macho hulingana. Mhakiki aliyekwisha kupenda utupu wa kisanii yuko katika hatari ya kuupenda na huu wa pili, akaanza kuandika juu ya "ukimya wenye ufasaha" wa watu ambao kwa kweli walisema mengi, ila hapakuwa na wa kunakili. Wadigo wa Likoni wana nyimbo za sengenya. Wazee wa Jomvu na Changamwe wana masimulizi ya kuja kwao. Vitu hivyo si theluji. Ni kazi iliyotusubiri na ambayo hatukuifanya, na idara zetu, hii ya kwetu ikiwamo, hazina udhuru wa kisanii.

Nina sababu ya binafsi ya kulitilia mkazo jambo hili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 washambuliaji walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua silaha, na katika majuma yaliyofuata watu waliotoka bara waliandamwa majumbani mwao katika Likoni na sehemu za Kwale. Wengi waliuawa, maelfu wakakimbia, na wengine walijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Mimi nilikuwa kijana wa shule wakati huo. Baada ya majuma kadhaa nilivuka kwenda kumwona shangazi yangu aliyeolewa huko. Kulikuwa na mvua nyembamba ya kusi. Kando ya njia milango ya vibanda ilikuwa imefungwa, mingine imeungua, na mbele ya nyumba moja kamba ya kuanikia nguo ilikuwa bado imefungwa baina ya minazi miwili na haina nguo. Kuku mmoja alikuwa akichakura. Ukinionesha leo picha ya mahali pale, bila tarehe, nitakwambia ni mandhari tulivu. Na nitakuwa nimesema uongo.

Kamba ile isiyo na nguo imenifundisha kusoma vidaka vya Pate kuliko darasa lolote nililokaa. Ndiyo pia iliyonifanya nisiweze kuitazama theluji ya Sesshū kwa macho ya kalenda. Sitaki kusema kwamba mtazamaji lazima awe ameona moto ndipo aruhusiwe kuitazama picha; hilo litakuwa kiburi. Lakini mtu anapoambiwa mandhari fulani ni ya utulivu, ana haki ya kuuliza ni nani aliyekuwapo kabla, na huyu anayetembea anatoka wapi.

Mwanafunzi wangu aliuliza karibu hivyohivyo. Tulipokuwa tukiikunja kalenda mwisho wa kipindi, aliomba aitazame mara moja tena. Akainama mpaka pua yake ikakaribia karatasi, akaiweka kidole chini ya yule mtu mwenye kofia, akakirudisha nyuma polepole juu ya njia aliyoipita.

"Nyayo zake hazimo," akasema.

Tukazitafuta wote wawili, hatukuziona.